Kukaa Juu ya Maji Nako ni Kazi

 

Wiki iliyopita kulikuwa na mabishano chini ya mwembe, pale wanapokaa madereva karibu na gare. Kijana mmoja anayepeleka shaba Dar es Salaam amerudi na picha kwenye simu. Alipokuwa akingoja mzigo wa kurudi nao, alipanda boti akaenda Unguja kutembea, na huko mbele ya Mji Mkongwe akapiga picha mashua za matanga za Wazungu zimetia nanga. Si mashua kubwa. Ndani anaishi mtu na mke wake, pengine na watoto, wanazunguka dunia mwaka hata mwaka. Katika picha moja nguo zimeanikwa kwenye kamba, mwanamke ameinamia beseni, mwanamume kajilaza chini ya turubai. Simu ikapita mkono hadi mkono, na hukumu haikuchelewa: hao ni watu wasio na kazi. Pesa imewazidi, wameenda kulala baharini.

Mimi nilinyamaza, maana mwenye picha hashindwi. Lakini leo maikrofoni ni yangu. Nasema kazi wanayo, na kazi yenyewe ni kukaa mahali pamoja.

Sisi wa bara hatuoni kwamba hiyo ni kazi. Unajenga nyumba yako ya matofali, unalala, asubuhi unaikuta palepale ulipoiacha. Juu ya maji hakuna kinachokaa chenyewe. Upepo unasukuma, mkondo unavuta, na bahari ya Unguja inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mtu aliyefika maji yamejaa, akaona mahali pazuri karibu na ufuko, akatia nanga na kwenda kulala, anaweza kuamshwa na sufuria zikimwangukia kwa sababu chombo kimelala ubavu juu ya mchanga.

Nanga nayo haishiki kwa uzito wake, ingawa wengi tunadhani hivyo. Inauma chini kama jembe, na jembe huuma likivutwa kwa ulalo. Ukilivuta juu linang'oka. Ndiyo maana mnyororo lazima uwe mrefu, kiasi kingine kilale chini kabisa. Mabaharia huachia mara 4 au 5 ya kina cha maji, na kina hicho hukipima kwa maji yaliyojaa. Sasa ukiachia mnyororo mrefu, chombo chako kinazunguka duara pana, na jirani yako naye ana duara lake. Upepo ukigeuka usiku, vyombo vyote vinageuka nao, ila mwenye mnyororo mfupi na mwenye kamba ndefu hawageuki sawasawa. Hapo ndipo watu wanapoamka saa nane za usiku, wenye nguo na wasio na nguo, kusukumana kwa miguu na kutukanana katika lugha nne.

Nahodha mwenye busara, kabla ya kulala, hushika alama mbili za pwani zilizo katika mstari mmoja: tuseme mnara wa msikiti na taa iliyo nyuma yake. Akiamka usiku huchungulia. Mnara ukiwa umeachana na taa kuliko kawaida, anajua nanga inakokota. Siku hizi simu inaweza kumfanyia kazi hiyo kwa satelaiti na kumpigia kengele, lakini wazee wa baharini wangali wanautazama mnara. Yule mwanamume wa kwenye picha, aliyelala mchana chini ya turubai, mimi namdhania kwamba usiku hakulala.

Halafu kuna maji ya kunywa, na hapa msikilizaji wa Kolwezi atanielewa upesi kuliko mwingine yeyote. Chombo kina tangi la lita mia chache, na likiisha ni safari ya madumu kwenye kidau kidogo hadi pwani na kurudi. Kwa hiyo vyombo vya jikoni vinaoshwa kwa maji ya bahari, vinasuuzwa kwa kikombe cha maji baridi. Watu wanaoga baharini, kisha wanajimwagia kidogo kuondoa chumvi. Wapo wenye mashine inayosukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando mwembamba, chumvi ikabaki upande mmoja. Lakini mashine inakula umeme, umeme unatoka kwenye pano za sola, na siku ya mawingu mtu anachagua: atengeneze maji au awashe friji.

Chumvi inakula vyuma, jua linakula matanga, na chini ya maji, kwenye ngozi ya chombo, majani na viumbe vya magamba vinaota hadi mashua inakuwa nzito kama imebeba kifusi. Mtu anavaa miwani ya kuzamia anakwenda kukwangua. Wenye majahazi ya mbao wana adui mwingine, mdudu anayetoboa mbao taratibu. Wao husubiri maji makubwa, hukipandisha chombo ufukweni, na bahari ikishaondoka huchoma ubavu wa chini kwa moto wa makuti, kisha hupaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo hufanywa haraka, kwa sababu bahari inarudi.

Hao wa majahazi walijua kungoja kuliko hawa wa leo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, upepo uliwaleta kutoka Arabuni. Kusi ulipoanza kuvuma, uliwarudisha. Katikati walikaa nangani. Mwandishi mmoja wa Australia aliyekuwa baharia, Alan Villiers, alisafiri nao mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait, chini ya nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi, hadi Zanzibar na delta ya Rufiji. Kule Rufiji mabaharia waliingia kwenye tope la mikoko kutafuta boriti za kwenda kuuza Arabuni, wakirudi jioni wamechoka, wameumwa na mbu. Chakula chao kilipikwa sitahani, kwenye sanduku la moto. Wale waliomtazama Nejdi na watu wake wakitembea mjini Zanzibar na kanzu zao safi wangeweza kutoa hukumu ileile ya chini ya mwembe.

Basi. Lakini sikuja kwenye redio kuwatetea Wazungu wa mashua. Hao wana njia yao: wakichoka na mahali, wanang'oa nanga wanakwenda. Nilichotaka hasa ni kuwapeleka nangani kwetu sisi, ambako watu wengi wa hapa hawakujui, ingawa wamekula samaki wa huko tangu walipoota meno.

Mnaujua Lualaba. Unaanza kwenye nyanda zetu za kusini, si mbali na mpaka wa Zambia, unapita pande za Kolwezi, na pale Nzilo ulizibwa miaka ya 1950 ili migodi ipate umeme. Kutoka hapo unashuka kwa kishindo kwenye magenge, na unapofika Bukama umekuwa mtu mzima aliyetulia. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Kuanzia hapo ni mto wa meli, kilomita zaidi ya 600 hadi Kongolo. Na katikati ya safari hiyo, huko jimbo la Haut-Lomami, mto unajimwaga kwenye bonde pana la vinamasi na maziwa, ziwa Upemba likiwa pembeni na ziwa Kisale likiwa njiani kabisa: Lualaba unaingia ndani yake na kutoka upande wa pili.

Kisale si ziwa la kina. Ni mita chache tu, na sehemu kubwa imefunikwa na mafunjo. Mafunjo haya mizizi yake imesukana juu ya maji, ikawa mkeka mnene unaoelea. Mto ukijaa au upepo mkali ukipiga, vipande vinakatika, vingine vikubwa kama uwanja wa mpira, vinaanza kutembea. Juu ya vipande hivyo wavuvi wamejenga. Sisemi karibu na ziwa, wala kwenye nguzo. Nyumba zimesimama juu ya mafunjo, mafunjo yako juu ya maji, na chini yake samaki wanapita.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1874 alifika katika nchi ya Waluba luteni mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametoka Bagamoyo mwaka uliotangulia. Alitamani kufika kwenye maziwa hayo, lakini katika himaya ya mfalme wao Kasongo Kalombo mgeni hakwenda apendako, akabaki na habari alizosimuliwa. Aliandika kwamba watu wa Kisale hukata vipande vya uoto unaoelea, wakaweka magogo na matawi na udongo juu yake, wakajenga vibanda, wakapanda migomba, wakafuga mbuzi na kuku. Kisiwa kilifungwa kwenye vigingi vilivyopigiliwa chini ya ziwa. Wakitaka kuhama, waling'oa vigingi na kukivuta kisiwa kwa kamba. Cameron alikuwa baharia, hilo la vigingi na kamba lazima lilimwingia vizuri. Kisha akashika njia ya magharibi pamoja na msafara wa wafanyabiashara wa watumwa, akakatiza nchi za Walunda na Walovale, pande zetu hizi, akatokea Atlantiki mwezi Novemba 1875. Kwa hiyo habari za Kisale ziliwahi kupita jirani na hapa zikiwa ndani ya daftari la Mwingereza, miaka zaidi ya hamsini kabla treni ya Lobito haijaanza kupita mwaka 1931.

Sasa fikirini siku moja kwenye nyumba kama hiyo. Sakafu inacheza unapotembea; mtoto anajifunza kusimama juu ya kitu kinachobonyea. Mafunjo ya chini yanaoza na kuzama kidogo kidogo, kwa hiyo unakata mapya na kutandika juu, na baada ya muda unakata tena. Ukiacha, maji yanaingia kitandani. Hakuna fundi wa kumwita aje amalize kazi hiyo, kwa maana haiishi. Nyumba inajengwa kila siku kwa upande wa juu kwa sababu inakufa kila siku kwa upande wa chini.

Moto nao una adabu yake. Unawashwa juu ya tabaka la udongo, maana sakafu yenyewe ikikauka ni kuni. Kuni halisi ziko nchi kavu, zinafuatwa kwa mtumbwi, na zinahitajika nyingi, kwa sababu samaki asiyekaushwa kwa moshi hafiki popote. Mama anayesimamia moshi huo kutwa nzima, macho yamekuwa mekundu, angalau anapata faida moja: mbu hawapendi hapo alipo.

Na usiku? Usiku wa masika, dhoruba ikishuka, mtu wa Kisale anasikiliza kama yule nahodha wa Unguja. Miti mirefu iliyosimikwa kwenye tope ndiyo nanga yake. Mti ukilegea, kijiji kinasafiri gizani na watu wake, na mitego uliyoitega jana umeiacha nyuma bila kujua iko upande gani. Hana mnara wala taa ya kuangalia. Anajua kwa sauti ya maji, na kwa mahali upepo unapompiga usoni.

Sitaki mtu aone raha katika habari hizi. Watalii wakifika pale wangesema ni pazuri, na kweli jua likitua juu ya mafunjo ni pazuri. Lakini tatizo la lile tangi la lita mia chache, huku limegeuka. Kule baharini maji yamekuzunguka na huwezi kuyanywa kwa sababu ya chumvi. Kisale maji ni matamu, unachota mlangoni, na jirani yako mita ishirini upande wa juu amekwenda haja kwenye maji hayohayo. Waganga wetu wamejua kwa muda mrefu kwamba maziwa ya bonde la Upemba, kuanzia Bukama hadi Kikondja na Malemba-Nkulu, ni mojawapo ya makao ya kipindupindu katika nchi hii. Hakiondoki kabisa, kinapumzika, halafu kinapanda tena na wasafiri na magunia. Choo cha shimo hakichimbwi juu ya kisiwa kinachoelea, na anayewapelekea watu hao ushauri wa kuchimba choo anajionyesha kwamba hajafika. Cha kuwasaidia ni dawa ya klorini, madumu yenye mfuniko, na kituo cha afya kinachofikika kwa mtumbwi.

Mtu atauliza: kwa nini wasihamie nchi kavu? Wapo wanaohama kwa msimu. Maji yakipungua wanalima mihogo na mahindi kandokando, yakijaa wanarudi. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haisemwi mbele ya wageni. Kisiwa kinachosogea ni vigumu kukishambulia. Enzi za Cameron, misafara ya kukamata watu ilipokuwa ikizunguka nchi ya Waluba, mwenye kisiwa alijisukuma katikati ya ziwa. Na msidhani hayo yameisha na karne ile. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, jeshi na wanamgambo wa Mai-Mai walipokuwa wakipigana katika Katanga ya kati, vijiji vikachomwa, baadhi ya waliokimbia walikwenda kuishi kwenye visiwa vya mafunjo kama hivyo katika ziwa Upemba. Watu waliozoea shamba, wasiojua mtego wala mtumbwi, wakalala juu ya majani yenye maji. Mzungu wa mashua anatia nanga mahali kwa sababu amepapenda. Hawa walitia nanga kwa sababu nyuma yao kulikuwa na bunduki.

Niseme jambo moja la zamani zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi wa ukanda wa shaba. Kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Pierre de Maret akaendeleza kazi miaka ya 1970. Walikuta watu waliozikwa karibu miaka elfu moja iliyopita na vyungu vizuri ajabu, na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye, misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Kisale hakuna madini ya shaba. Shaba ilitoka huku kusini, kwenye vilima vyetu, ikabebwa hadi kwa wavuvi. Wavuvi nao hawakuwa na mali nyingi ya kubadilishana iliyozidi samaki. Malori tunayoyaona leo yakienda Dar es Salaam na Lobito yanafuata biashara ambayo hapo kale iliishia ziwani, na mimi nashuku kwamba wachimbaji wa enzi hizo walikula vizuri kuliko wengi wa leo, ambao bukari yao inasindikizwa na samaki wa barafu kutoka bahari ya Namibia.

Samaki wa Kisale bado wanauzwa. Kambare mweusi aliyekunjwa mkia mdomoni, aliyekauka hadi anagonga kama ubao, anatoka kisiwani kwa mtumbwi, anafika Bukama kwa boti, na hapo akina mama wafanyabiashara wanamngojea na magunia yao. Wanangoja treni, na kila aliyewahi kusafiri kwa treni huku kwetu anajua maana yake. Wanalala juu ya magunia, wanapika kando ya reli, wanaoshana nywele, wanagombana kwa ajili ya kivuli, wanalinda mzigo kwa zamu usiku kucha. Mvua ikinyesha wanafunika samaki kwanza, halafu watoto, halafu wao wenyewe. Samaki akilowa anaota ukungu, na mtaji wa miezi umekwenda. Kwa hiyo wewe unayesimama sokoni unalalamika bei ya kambare, mkunjulie mama yule uso kabla hujaanza kupunguza, halafu mwulize alimnunua wapi. Akikuambia Kikondja, umepata mtu wa kukusimulia kuliko mimi.

Kuna ndugu mmoja wa Kasaji aliyeniambia kwamba aliwahi kuvua huko ujanani, na amekubali kuja hapa studio Jumamosi kutueleza namna kisiwa kinavyokatwa na kufungwa. Mwenye swali alete kwa mlinzi wa mlangoni, aandike kwa karatasi, kwa Kiswahili, Kiruund au Kichokwe, tutasoma. Sasa ni zamu ya mwenzangu na bei za mahindi.